Waliohesabu Kutoka Mkiani

Mwalimu wa kompyuta alikuwa ameshaumwa na nyoka, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka uliotangulia kijana mmoja, mwanafunzi aliyekuwa akimsifia mbele ya kila mtu, alihitimu kwa kazi ambazo hakuandika hata mstari. Binamu yake ndiye aliyekuwa akimwandikia. Mambo yaliharibika kijana alipopata ajira, akaketishwa mbele ya mashine, akabaki kuikodolea macho kama mbuzi aliyeonyeshwa kioo. Mwajiri akapiga simu kituo cha mafunzo, na aibu yote ikamwangukia mwalimu. Tangu hapo alisahihisha kazi za wanafunzi jinsi askari wa forodha anavyopekua mabegi: kwanza anaamini kuna kitu kimefichwa, ndipo anafungua zipu.

Darasa lake lilikuwa la watu wazima, watu wa kazi zao, waliokuja jioni wakiwa na uchovu wa mchana mabegani. Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya fanicha. Harufu ya vanishi ilipanda ngazi pamoja na wanafunzi, na mafundi wa chini walipogonga misumari, vioo vya kompyuta vilitetemeka kidogo. Wengi darasani hawakuwahi kuandika programu maishani mwao. Wiki za mwanzo walijifunza kuiamuru mashine ijumlishe, ilinganishe, irudie. Kisha mwalimu akawapa kazi yao ya kwanza ya kuumiza kichwa: waandike programu ya kugeuza namba za Kirumi ziwe namba za kawaida.

Aliwaeleza polepole. I ni moja, V ni tano, X ni kumi, L ni hamsini, C ni mia. Unazijumlisha tu, isipokuwa pale ndogo inapotangulia kubwa. Hapo ndogo inatolewa. Kwa hiyo VI ni sita, lakini IV ni nne. Akawaonyesha ubaoni jinsi mashine itakavyotembea kutoka kushoto kwenda kulia, herufi moja baada ya nyingine, kila mara ikichungulia jirani wa mbele: akiwa mkubwa, toa, asipokuwa mkubwa, jumlisha. Akawapa siku chache, wakaenda.

Jumamosi aliketi mezani nyumbani kusahihisha. Upande wa pili wa meza alikaa wifi yake, fundi cherehani aliyehamia kwake baada ya kufiwa na mume, akipinda upindo wa gauni la mteja. Wifi alikuwa mtu wa maneno. Hata uzi ulipokatika aliulaumu kwa sauti.

Kazi nyingi zilikuwa kama alivyotarajia. Wengine walisahau C, wengine mashine ilizunguka bila kusimama. Kijana muuza simu alikuwa amenakili kutoka mtandaoni bila hata kujificha, kila jina limeandikwa Kiingereza kisafi ambacho yeye mwenyewe asingeweza kukitamka. Huyo mwalimu alimpa sifuri yake, akasonga mbele. Kisha akafungua kazi ya mzee aliyeitwa Gundi, na baadaye kidogo ya dada wa duka la dawa, na hapo akaweka kikombe chini.

Programu zote mbili hazikuanzia kushoto. Zilianzia kulia, mkiani, zikarudi nyuma hadi kichwani. Wala hazikulinganisha herufi na jirani yake. Zilikuwa na kisanduku kimoja cha kukumbuka herufi yenye thamani kubwa kuliko zote zilizokwisha kupita. Kila herufi ndogo kuliko hiyo ilitolewa, nyingine zote zilijumlishwa. Njia hiyo hakuifundisha. Ni sahihi, tena si ya kipekee, lakini hakuifundisha. Na kile kisanduku, wote wawili walikiita mzee.

Mwalimu akaijaribu kwa mtego. Akaandika IIX, namba ambayo mtu anayejua namba za Kirumi haiandiki, maana ni kosa. Programu za wengine, zile zilizofanya kazi, zilijibu kumi. Zile mbili zilijibu nane.

"Wamenakiliana," akasema.

Wifi akainua macho kwenye upindo. "Nani na nani?"

Mwalimu akamweleza. Gundi alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Alikuja darasani na gundi iliyokauka vidoleni, ndiyo maana wenzake wakambandika jina hilo naye akalipokea kwa kicheko. Alichapa kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa punje. Yule dada alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwepesi wa mikono, mchache wa maneno, koti lake jeupe la kazini limekunjwa ndani ya mkoba. Alikaa mbele karibu na mlango; Gundi alikaa nyuma kabisa, chini ya dirisha.

"Mzee na binti mbichi," wifi akasema, akiuma uzi kwa meno. "Wewe unatafuta kunakili. Mimi natafuta kingine."

Mwalimu akamwambia asianze. Lakini neno likishatoka kinywani mwa wifi halikuwa na tabia ya kuondoka; lilivuta kiti likakaa.

Jioni ya darasa lililofuata hakufundisha sana. Aliwapa zoezi, akasimama pembeni akichunga. Alitarajia kuona jicho likirushwa, karatasi ikipita, simu ikiwaka kwa huyu na kuzimika kwa yule. Hakuona lolote, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Katika darasa lile watu wote walisalimiana. Hata muuza simu, ambaye hakuwa na adabu za kugawa, alimwamkia Gundi kila alipoingia. Dada wa dawa aliwasalimia wote mstari kwa mstari, na alipofika nyuma, macho yake yakaruka dirisha na mtu aliyekaa chini yake, yakatua ukutani. Gundi naye akainamisha kichwa kwenye kibao cha herufi kana kwamba kuna kitu kimemdondokea pale. Mwalimu akajiambia kwamba watu wasiojuana husalimiana. Kunyimana salamu namna ile ni kazi, na mtu hafanyi kazi bila sababu.

Akawaita mmoja mmoja. Gundi alikuja mezani akiwa amevua kofia. Mwalimu akamuuliza njia ile ameitoa wapi. Mzee akajibu kwamba ni mazoea. Walipokuwa wakijalidi vitabu, kurasa za utangulizi zilikuwa na namba za Kirumi, na yeye alizoea kuzikagua kuanzia nyuma. Mwalimu akamuuliza kuhusu jina la kile kisanduku. Akasema ni jina tu.

"Kuna mwenzako ameandika hivyo hivyo," mwalimu akasema. "Na jina ni hilo hilo."

Uso wa mzee ukabadilika. Mwalimu aliwahi kuona nyuso za watu walionaswa, nao walikuwa na hofu au ujeuri. Huyu hakuwa na kimojawapo. Alionekana kama mtu aliyeletewa habari njema mahali ambapo haruhusiwi kucheka. Akageuka, akatazama mstari wa mbele, kisha akarudisha macho upesi. Akauliza kwa sauti ya chini kama huyo mwenzake alipata sawa. Mwalimu akamwambia arudi kwenye kiti chake.

Dada wa dawa alikuwa mgumu kuliko huyo. Alisema hivyo ndivyo anavyojua kuzisoma namba zile tangu utotoni. Amefundishwa na nani? Nyumbani. Nyumbani na nani? "Na mtu," akasema, akafunga zipu ya mkoba, na mazungumzo yakafungwa pamoja nayo.

Mwalimu akapanga jaribio. Akawapa wote kazi ya kinyume, kugeuza namba za kawaida kuwa za Kirumi, waifanye pale pale mbele yake bila mtandao. Gundi na yule dada wakaifanya, kila mtu kwa njia yake na makosa yake. Ya Gundi ilikuwa ndefu kama safari ya mtu aliyepotea, ya binti fupi lakini ilisahau tisini. Hazikufanana hata kidogo. Mtu mwingine angetulia hapo. Mwalimu alifika nyumbani akiwa na swali jipya: kama kila mmoja anaweza kuandika peke yake, ile ya kwanza walikutana wapi wakaiandika?

"Nimeshakwambia," wifi akasema.

Huenda yangeishia kwenye maneno ya wifi, lau mwalimu asingetumwa dawa ya kikohozi. Duka alilofanya kazi yule dada lilikuwa kwenye barabara pana yenye maduka ya vipuri. Kabla hajavuka, alimwona Gundi. Alikuwa amesimama nyuma ya gari lililoegeshwa, ng'ambo ya duka la dawa, mikono nyuma, akitazama. Kupitia kioo cha duka binti alionekana akipanda na kushuka ngazi ndogo, akishusha maboksi. Mzee hakuwa na cheti cha daktari wala mfuko. Hakuvuka. Binti alipogeuka upande wa barabara, akajibana nyuma ya gari kama mtoto anayecheza kujificha. Mwalimu akageuka akaenda zake. Akasahau hata dawa.

Tangu hapo aliwatazama wakiondoka baada ya darasa. Binti alitoka wa kwanza, haraka, bila kugeuka. Gundi alisubiri kidogo, kisha akashuka naye, akafuata upande ule ule, akiacha pengo. Mara zote upande ule ule. Mwalimu akaanza kuyapanga upya yote aliyoyaona, na sasa yakapangika vizuri mno: binti anamwogopa, ndiyo maana hamsalimii. Mzee amemfuata mpaka darasani. Programu ameipata kwake kwa namna fulani, kwa kuchungulia, kwa kumtisha, nani ajuaye. Na ule uso wenye furaha ya kujificha, pale mezani, sasa aliuhesabu kuwa ushahidi.

Hakumuuliza binti. Baadaye alijiuliza sana kwa nini hakumuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo, bwana mwoga aliyechukia kesi kuliko alivyochukia wizi, akamweleza kwamba kuna mzee anamfuatafuata mwanafunzi wa kike. Mkuu hakutaka kusikia zaidi. Siku ile ile akampigia Gundi simu, akamwambia asikanyage kituoni mpaka uchunguzi ukamilike, na uchunguzi wenyewe hakuuanzisha. Karani aliyekaa nje ya mlango wa mkuu alikuwa na masikio mazuri. Kabla ya darasa lililofuata, kila mtu aliyepanda zile ngazi alishajua.

Mwalimu alimwita binti mapema, wengine wakiwa hawajafika. Chini mafundi walikuwa wakipiga msasa, na vumbi jepesi lilielea kwenye mwanga wa dirisha. Alijisikia mwema. Aliuvuta mkono wa binti, akamketisha.

"Usiwe na wasiwasi tena," akamwambia. "Yule mzee hatakusumbua."

"Mzee yupi?"

"Yule wa vitabu. Anayekufuata."

Binti akautoa mkono wake taratibu. "Nani kasema ananifuata?"

"Nimemwona kwa macho yangu. Amesimama nje ya duka lenu, anajificha nyuma ya gari. Na hapa akitoka anakuja nyuma yako."

Msasa ulikwaruza, ukanyamaza, ukakwaruza tena.

"Yule ni baba yangu," akasema. "Baba yangu mzazi."

Binti akaendelea, bila kupandisha sauti, kama anayemsomea mgonjwa jinsi ya kumeza dawa. Alikua kwenye karakana ya vitabu. Mama yake alikuwa anamwacha pale kwa baba, na baba ili mtoto asichezee visu alimpa kurasa za utangulizi na kumfundisha kuzisoma. Alimwambia herufi zile ni ukoo unaorudi nyumbani kwa mstari mmoja. Anza na aliye mkiani. Mkumbuke mzee kuliko wote uliokwisha kukutana nao. Ukimwona mdogo aliyetangulia mbele ya mzee, ujue ameondoka na kitu cha mzee, mpunguzie. Alikuwa na miaka sita. Hakuwahi kujifunza njia nyingine, wala hakujua kwamba ipo.

Kisha mama akaugua, ugonjwa wa kulala na kuamka nao. Baba akapata kazi kwenye kiwanda cha uchapaji mji mwingine, akaenda. Mwanzoni alipiga simu. Baadaye simu zikawa za sikukuu, halafu zikakatika, na watu wakaleta habari kwamba ana nyumba nyingine huko. Binti ndiye aliyemwogesha mama yake mpaka mwisho. Baba alifika watu wakiwa wameshatoka makaburini, akasimama kwenye ua na begi mkononi, na binti akaingia ndani akafunga mlango.

"Sijazungumza naye tangu siku hiyo," akasema. "Alipohamia tena mji huu nilisikia. Nilipoingia hapa siku ya kwanza nikamkuta amekaa pale nyuma, nilitaka kuondoka. Nikasema hapana. Yeye ndiye hodari wa kuondoka. Mimi nitakaa."

Akainua macho. "Umemfukuza?"

"Mkuu amemsimamisha."

"Kwa neno la nani?"

Mwalimu akajibu, "Langu."

Karakana ya Gundi ilikuwa uchochoroni, nyuma ya duka la vifaa vya ofisi. Mwalimu alikwenda kesho yake, moyo mzito kama gunia lililolowa. Ndani kulikuwa na shindilio la chuma la kukandamizia vitabu, sindano nene, nyuzi zilizopakwa nta, na harufu ya gundi iliyochemshwa. Rafu moja ndefu ilikuwa tupu. Mzee alimpa kiti, akaendelea kusimama.

Mwalimu alimwambia yote bila kujipunguzia. Mzee alisikiliza akisugua kidole kwa kidole. Alipomaliza, hakukasirika kama alivyotegemea. Alimwonyesha ile rafu. Palikuwa na vitabu vya maktaba ya shule ya wasichana, akasema, vyote vimechakaa migongo. Jana walikuja kuvichukua bila kujalidiwa. Hawakusema sababu. Mwalimu mkuu alikaa kwenye gari hakushuka. Shule za wasichana zina haki ya kuogopa mtu kama yeye alivyosimuliwa, akasema. Hata yeye angevichukua.

"Ulijua kwamba binti yako anasoma pale?" mwalimu akauliza. Alikuwa ameshaomba radhi, lakini tabia haiombi radhi, ilimuuliza tu.

Mzee akakaa. "Nilijua," akasema. "Mteja mmoja aliniambia binti yako amejiandikisha masomo ya kompyuta pale juu ya mafundi fanicha. Siku ile ile nikaenda kujiandikisha. Kompyuta sikuzitaka. Nilitaka chumba ambacho hawezi kunifungia mlango."

"Na kule dukani?"

"Kumwona anavyofanya kazi." Alitazama mikono yake. "Na njiani, ni kweli namfuata. Anapita mtaa wenye giza pale kwenye ukuta wa ghala. Namwacha akifika kwake, narudi. Hajui." Akafikiri. "Au anajua. Mama yake alikuwa hivyo, anajua halafu hasemi."

Mwalimu akamuuliza kwa nini hakumwambia mkuu kwamba ni mwanawe, aokoke. Mzee akasema mkuu hakumuuliza. Tena, akasema, yeye kumwita mwanangu mbele za watu ni haki aliyoipoteza. Mwenye kuirudisha si yeye.

Kwa hiyo mwalimu akarudi kwa binti. Alimngoja nje ya duka la dawa wakati wa mapumziko, akamweleza habari ya rafu tupu na shule. Akamwambia mkuu ameshaondoa katazo, kwamba yeye mwalimu mwenyewe amemwendea, lakini mkuu hawezi kuyakusanya maneno yaliyokwisha kumwagika mtaani. Neno moja kutoka kwake binti lingetosha. Aseme tu mbele ya wenzake kwamba yule ni baba yake.

Binti alikuwa ameshika chupa ya maji. Aliifunga, akaifungua, akaifunga.

"Wewe ndiye uliyekosea," akasema, "halafu unataka mimi nimwite baba mbele za watu ili kosa lako lisafishike. Neno hilo nimelizuia miaka yote. Nililizuia hata siku ya matanga. Sasa unaliomba kama unaomba kalamu."

Mwalimu alijua kwamba ndivyo ilivyokuwa. Akamwomba radhi, safari hii bila kuomba kitu kingine, akaondoka. Wifi alipouliza jioni imekuwaje, alimwambia kwa ukali usio wa kawaida kwamba mapenzi aliyoyaona yeye ni baba na mwana. Wifi akasitisha cherehani. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale, alikaa na kitambaa mapajani bila la kusema, kisha akasema polepole kwamba hata yeye, baba yake alikuwa akimtazama kwa mbali tu.

Darasa lililofuata Gundi hakuja, ingawa alikuwa ameruhusiwa. Kiti cha chini ya dirisha kilikuwa wazi. Mwalimu alisimama mbele akiwa ameazimia kusema mwenyewe, na maneno ameyapanga njia nzima, lakini muuza simu alimtangulia. Alikuwa amekwenda kukaa kwenye kile kiti ili apate upepo, akajinyoosha, akawaambia wenzake kwamba afadhali fisi mzee ameondoka, sasa dada zetu watasoma kwa amani. Wawili watatu wakacheka.

Dada wa dawa hakugeuka. Alikuwa akichapa, na vidole vyake vikasimama juu ya herufi.

"Huyo unayemwita fisi ni baba yangu," akasema, akitazama kioo chake. "Ana makosa yake, na mimi ndiye ninayeyajua. Hilo si mojawapo."

Muuza simu akajikunja, akatoka kwenye kile kiti kama kimemchoma, akarudi kwake. Akaomba samahani mara mbili. Binti akaitikia kwa kichwa. Ndipo mwalimu akasema lake. Aliwaambia uvumi ule ulianzia kinywani mwake, kwamba aliona vitu viwili vinavyofanana akaviungia hadithi ya kichwani mwake, na kwamba kuuliza kungemchukua muda mfupi kuliko kusingizia. Kisha akafuta ubao kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na darasa likaendelea.

Mwalimu alikwenda pia shuleni kwa wasichana, akakaa kwenye benchi la nje hadi mwalimu mkuu alipompokea. Mama yule alimsikiliza kwa jicho la mtu aliyeona mengi, akasema atafikiria. Vitabu vilirudi, si vyote. Baadhi vilikuwa vimeshapelekwa kwa fundi mwingine, na Gundi alipata hasara hiyo bila kuidai kwa mtu. Muuza simu ndiye aliyekwenda kumwambia kilichosemwa darasani. Wanasema mzee alikuwa akikata ngozi, akaendelea kukata mpaka akapita mstari, akaiharibu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

Akarudi darasani. Alikaa kule kule nyuma, binti kule kule mbele. Mwalimu alijizuia kuwatazama, akajikuta anawatazama. Hakuona lolote likibadilika, na akaanza tena kudhani mambo: kwamba binti amejuta, kwamba mzee amekata tamaa. Akajikemea.

Mpaka jioni moja, wengine wakiwa wameshashuka, alibaki akizima mashine moja moja, akasikia sauti kwenye ngazi. Ilikuwa ya binti, na ilikuwa ya juu. Alikuwa akimuuliza mtu kwa nini hakupiga simu hata siku moja katika miezi ile ya mwisho, hata simu ya kumdanganya mgonjwa. Sauti nzito ikajibu kitu, ikakatizwa. Binti akasema hapana, usiniambie ulikuwa unaona aibu, mimi nilikuwa na aibu na beseni mkononi. Kisha sauti nzito ikaanza tena, polepole, na safari hii haikukatizwa.

Mwalimu alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, na angesimama pale alipo angesikia kila neno. Akaenda akaufunga. Akarudi kukaa kwenye kiti chake, akawasha tena mashine moja asiyoihitaji ili feni yake ivume, akangoja hadi hatua za watu wawili ziliposikika zikishuka.

Nyumbani alimkuta wifi akimngojea na chakula kimefunikwa. Akamweleza kwamba baba na mwana walikuwa wanazungumza, wanagombana hasa, kwenye ngazi.

"Enhe," wifi akasema, akivuta kiti. "Baba akasema nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Nilifunga mlango."

Wifi alimtazama toka kichwani hadi miguuni, akafunua chakula, akamsogezea sahani. Ilikuwa dhahiri kwamba hakuamini hata neno moja.